Kansa ya Ngozi: Jinsi Dawa Yake Ilivyotafutwa Katika Nchi Zetu

Hapa Lulimba twasikia mara nyingi neno hili: "Kansa ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu, mtu mweusi hashikwi nayo." Neno hilo lina sehemu ya kweli. Weusi wa ngozi ni kama mwavuli tuliopewa juu ya jua kali, na kwa sababu hiyo kansa hii ni chache kwetu kuliko kwao. Lakini chache si kusema hakuna. Na mtu anayesadiki kwamba hakuna, ndiye anayechelewa kwenda kwa mganga. Basi tuitazame historia, maana yatuonyesha njia tatu ambazo ugonjwa huu hutujia, na jinsi watu walivyohangaika kuutibu.

Njia ya kwanza ni donda la zamani. Mwaka 1828 mganga mmoja Mfaransa, Jean-Nicolas Marjolin, aliandika habari za vidonda vinavyoota juu ya makovu. Baadaye waganga walitambua kwamba donda lisilopona, au kovu kubwa la moto, likikaa miaka mingi laweza kugeuka kuwa kansa. Nani kati yetu asiyemjua mtu wa namna hiyo? Ni mkulima aliyejikata kwa jembe, au mchimba dhahabu aliyeangukiwa na jiwe, au mtoto aliyeungua mekoni. Kwanza hutia majani, kisha unga wa vidonge, kisha hufunga kitambaa na kuzoea. Miaka kumi hupita, hata ishirini. Siku moja kingo za donda huinuka kama uyoga, nalo hutoa damu na harufu mbaya. Hapo si donda lile la kwanza tena. Likionwa mapema, mpasuaji huliondoa na kubandika ngozi safi, na mtu hutembea. Likichelewa, hukatwa mguu. Likichelewa zaidi, hata kukata hakufai kitu.

Njia ya pili yatuhusu sana sisi wa mashariki ya Kongo. Mwaka 1872, katika mji wa Vienna, mganga Moritz Kaposi alieleza habari za wagonjwa watano waliotokwa na uvimbe wenye rangi ya zambarau miguuni na mikononi. Huko Ulaya ugonjwa huo ulikuwa wa nadra, tena wa wazee. Lakini waganga waliofanya kazi Afrika waliona kwamba hapa si wa nadra. Mwaka 1957 mganga Thijs alitoa maandishi juu ya ugonjwa huo katika Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Mwaka 1961 waganga wa nchi mbalimbali walikutana Kampala kuzungumza habari za ugonjwa huo mmoja tu.

Mwaka 1967 ikafunguliwa huko Kampala, kwenye hospitali ya Mulago, nyumba ya kutibia kansa. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mmarekani, John Ziegler. Humo walijaribu dawa za kutia mshipani, na wagonjwa wengi wa Kaposi wakaona uvimbe wao unanywea. Mwaka 1972, wakati wa Idi Amin, Wamarekani waliondoka. Wengi walidhani kazi imekufa. Lakini Mganda mmoja, Charles Olweny, aliishika kazi hiyo, wala haikufa. Nyumba ile ndiyo iliyokua kuwa Taasisi ya Kansa ya Uganda.

Kisha yakaja mambo mapya. Mwaka 1983 mpasuaji Anne Bayley, huko Lusaka, aliona kwamba Kaposi imegeuka kuwa kali, inashika vijana na kuua upesi. Ulikuwa ukimwi. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore walivumbua virusi vinavyoleta Kaposi. Basi leo mgonjwa wa Kaposi hupimwa damu, na akiwa na virusi vya ukimwi hupewa dawa zake, maana mara nyingi dawa hizo husaidia kuurudisha nyuma uvimbe wenyewe.

Njia ya tatu ni ya ndugu zetu wenye ualbino. Hao hawana ule mwavuli tuliousema. Mwaka 1985 mganga Luande na wenzake walitangaza habari za watu 350 wenye ualbino wa Dar es Salaam, wakaonyesha jinsi jua linavyowaharibu ngozi tangu ujana. Huko Moshi, chuo cha waganga wa ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 kiliwasaidia, na baadaye mafuta ya kukinga jua yakatengenezwa papo hapo kwa ajili yao. Kumbe wengi wao hawafi kwa ualbino. Hufa kwa jua, na kwa kukosa kofia, nguo ya mikono mirefu, na mtu wa kuwatazama ngozi.

Haya yatufundisha nini sisi wa Lulimba? Twajua barabara ya Baraka wakati wa mvua, na twajua kwamba Bukavu ni mbali na nauli ni nzito. Kwa hiyo ugonjwa yafaa ukamatwe ungali mdogo. Donda lililopita miezi mitatu bila kupona, uvimbe wa zambarau, doa jeusi linalokua chini ya wayo: vyote vionyeshwe kituo cha afya. Na mganga aombwe kukata kipande kidogo kipimwe kwa hadubini, maana jicho peke yake hudanganya.

Na shirika lichange nauli. Tumezoea kuchanga kwa ajili ya sanduku la maiti. Tukichanga mapema, pengine sanduku halitahitajiwa. Jirani yako mwenye kitambaa mguuni, umemwuliza lini habari za donda lake?