Kisakakilele

Mwenye gari-nyumba Ulaya akitaka kuongeza paneli za sola huanza na paa: dirisha la juu, feni na antena zimebakiza nafasi kiasi gani? Swali gumu zaidi limejificha kabatini, kwenye kifaa kidogo kilicho kati ya paneli na betri. Mafundi hukiita chaji kontrola. Kwa Kiswahili cha maandishi ni kidhibiti chaji.

Jina hilo linaitosha aina yenye herufi PWM, maana kazi yake kweli ni kudhibiti: huunganisha paneli na betri moja kwa moja, na betri ikikaribia kujaa huukatakata mkondo. Kasoro yake ni kwamba betri ndiyo inayoamua volti. Paneli ya wati 100 hutoa nguvu yake yote kwenye volti 18 hivi na ampea 5.5. Ikishushwa hadi volti 13 za betri, ampea hubaki karibu zilezile, na wati huwa 72 tu.

Aina ya pili ina herufi MPPT. "Ufuatiliaji wa nukta ya nguvu ya juu kabisa" ni tafsiri sahihi, ila hakuna atakayeitamka dukani. Napendekeza kisakakilele. Kilele, kwa sababu wati zikichorwa dhidi ya volti hutokea mlima. Kusaka, kwa sababu kilele hicho hakitulii, joto na mawingu hukihamisha. Kifaa hupandisha volti kidogo na kupima wati: zikiongezeka huendelea, zikipungua hurudi, kama mpanda mlima aliyezingirwa na ukungu. Kisha volti zilizozidi hugeuzwa ampea, na zile 5.5 huingia kwenye betri zikiwa zaidi ya 7. Kivuli cha antena kikiangukia paneli moja, huenda vikatokea vilele viwili na kifaa kikatulia kwenye kile kifupi. Ndiyo maana sipendi "kufuatilia": anayesaka huweza kukosa.

Sasa chukua paneli nne za wati 100 na kisakakilele kilichoandikwa 100/30, yaani kikomo cha volti 100 upande wa paneli na ampea 30 upande wa betri. Paneli isiyo na mzigo hufika volti 22. Zote nne kwa mfuatano ni 88, na mnunuzi huona yuko salama. Lakini 22 hiyo ni ya nyuzijoto 25, na volti hupanda takriban asilimia 0.3 kwa kila nyuzi inayoshuka. Huko Lapland, asubuhi ya Machi yenye nyuzijoto 20 chini ya sifuri, 88 hugusa 100, na kifaa huweza kuungua. Heri paneli mbilimbili kwa mfuatano, kisha jozi hizo sambamba: volti 44. Wati 400 kwenye volti 13 ni kama ampea 31, lakini hiyo isikutishe. Kifaa kizuri hujizuia kwenye 30, na ziada hupotea tu.

Wakati wa kufunga, waya za betri hutangulia, za paneli hufuata, ili kifaa kitambue kwanza kama betri ni ya volti 12 au 24.