Tripsini na Makufuli Yake: Historia ya Kimeng'enya Kimoja cha Binadamu

Kitenzi «kumeng'enya» kina maana ya kuvunja kitu vipande vidogo vidogo. Kutokana nacho wataalamu wa istilahi walipata neno «kimeng'enya», jina la kitu kinachoharakisha mageuzi ya kikemia mwilini bila chenyewe kumalizika. Istilahi hiyo ni nyembamba kuliko maana iliyobebeshwa, maana viko vimeng'enya vingi ambavyo havivunji, bali huunganisha. Lakini kwa tripsini, kimeng'enya cha kongosho kinachokata protini za chakula, jina hilo limetua mahali pake hasa. Swali ambalo tripsini iliwaletea wataalamu tangu karne ya 19 ni jepesi kulitamka: kongosho lenyewe limejengwa kwa protini, mbona basi halijili?

Huko Paris, Claude Bernard alikuwa ameyachunguza maji ya kongosho tangu miaka ya 1840, akiyasifia hasa kwa kazi yake juu ya mafuta. Sifa ya kumeng'enya protini ilikuwa ya tumbo, ambalo kimeng'enya chake, pepsini, kilikuwa kimepewa jina na Theodor Schwann mwaka 1836. Ni Lucien Corvisart, tabibu wa Napoléon III, aliyeshikilia mwaka 1857 kwamba maji ya kongosho nayo humeng'enya protini.

Mwaka 1875, mjini Breslau (leo Wrocław, nchini Poland), Rudolf Heidenhain alionyesha kuwa kongosho lililotolewa mwilini papo hapo halina nguvu ya kukata protini. Nguvu hiyo hujitokeza baadaye. Alihitimisha kwamba chembe za kiungo hicho hazihifadhi kimeng'enya, bali kitu kinachokitangulia, akakiita zimojeni, yaani kizaa-chachu. Mwaka uliofuata Wilhelm Kühne wa Heidelberg akakipa kimeng'enya chenyewe jina la tripsini. Hivyo mzazi alijulikana kabla mtoto hajapewa jina.

Kühne huyo huyo ndiye aliyebuni, katika miaka hiyo hiyo, neno ambalo lugha za Ulaya hutumia kwa vimeng'enya vyote. Alilitoa katika Kigiriki, kwa maana ya «ndani ya chachu», kwa sababu neno la zamani lilichanganya chachu iliyo hai na maji ya tumboni yasiyo na uhai. Kuhusu «tripsini» wachunguzi wa asili ya maneno hawakuafikiana. Wengine hulitoa katika neno la Kigiriki la kusugua, kwa kuwa kimeng'enya hicho kilipatikana kwa kulisugua kongosho pamoja na gliserini. Wengine hulitoa katika kitenzi cha kuvunjavunja. Wa pili wakiwa na haki, basi Kiswahili na Kigiriki vimekutana katika taswira moja bila kupeana habari.

Lililobaki lilikuwa kujua nani hulifungua kufuli hilo. Jibu lilitoka Saint-Petersburg mwaka 1899, katika maabara ya Ivan Pavlov, ambako mwanafunzi wake Shepovalnikov aligundua kwamba maji ya utumbo mwembamba huiamsha zimojeni ya kongosho. Pavlov alikiita kiamshi hicho kimeng'enya cha vimeng'enya. Leo utaratibu wenyewe unajulikana. Tripsinojeni ya binadamu hutungwa kwa asidi amino 247. 15 za mwanzo ni anwani tu, nazo hukatwa mapema. 8 zinazofuata ndizo kufuli. Zikiisha kukatwa utumbo ukifikiwa, tripsini huanza kazi, na inayoamka kwanza huziamsha nyingine. Hapo ndipo ilipo hatari: tone moja likiamka ndani ya kongosho, mengine yaweza kulifuata.

Hans Chiari, mpasuaji wa maiti mjini Prague, alikuwa ameyaona matokeo ya jambo hilo. Mwaka 1896 aliandika kwamba kongosho lililoharibika kwa ghafula ni kongosho lililojimeng'enya lenyewe. Rai yake ilikaa muda mrefu bila kuthibitishwa, hasa kwa kuwa hata umbile la tripsini lilikuwa bado la kubishaniwa. Richard Willstätter, mwenye Tuzo ya Nobel ya mwaka 1915, hakukubali kwamba vimeng'enya ni protini. Ubishi ulimalizwa na fuwele. James Sumner alifuwelisha urease mwaka 1926, John Northrop pepsini mwaka 1930, kisha yeye na Moses Kunitz tripsini ya ng'ombe na, baada yake, tripsinojeni. Sumner, Northrop na Wendell Stanley waligawana Nobel ya kemia ya mwaka 1946.

Mwaka 1952 waganga wawili wa Marekani, Comfort na Steinberg, walieleza familia ambamo uvimbe wa kongosho ulirudiarudia kwa watu kadhaa wa damu moja. Maelezo hayo yalikuwa na uzito kuliko yanavyoonekana. Ulevi ni mojawapo ya sababu kubwa za ugonjwa huo, na mgonjwa asiyeonja pombe angeweza kushukiwa kuwa anaficha. Mtoto mwenye maumivu hayo hakuwa na maelezo yoyote. Sasa palikuwa na neno jingine la kumwambia: urithi.

Urithi huo ulipewa mahali mwaka 1996, pale makundi kadhaa, likiwamo la Ufaransa, yalipouweka kwenye mkono mrefu wa kromosomu ya 7. Mwaka huo huo David Whitcomb wa Pittsburgh na wenzake walitaja jeni lenyewe, PRSS1, lile linaloandika tripsinojeni. Herufi moja ilikuwa imebadilika, G kuwa A, na kwa hiyo arginini ikawa histidini. Tripsini hukata baada ya arginini au lisini tu. Arginini iliyopotea ilikuwa mahali ambapo tripsini moja huikata nyingine na kuizima. Palikuwapo, kumbe, kufuli la akiba, na katika familia hizo lilikuwa limevunjika. Nakala moja yenye kasoro, kutoka kwa baba au mama, yatosha kuleta ugonjwa, ingawa si kwa kila aliyeirithi: hukadiriwa kuwa takriban 80 kati ya 100 huugua.

Mahali hapo palipewa kwanza namba 117, kwa kufuata hesabu ya kimotripsini, ndugu ya tripsini. Baadaye pakaitwa 122, kwa kuhesabu tangu mwanzo wa tripsinojeni yenyewe. Anayesoma makala za miaka ile na za baadaye huweza kudhani ni mabadiliko mawili, kumbe ni moja. Mwaka 2000 Heiko Witt na wenzake, nchini Ujerumani, waliona kasoro katika jeni la pili, SPINK1, linaloandika protini inayoikaba tripsini ikiamka kabla ya wakati. Hadi sasa hakuna dawa inayorudisha makufuli hayo. Mgonjwa hukatazwa pombe na tumbaku, maumivu yake hutulizwa, na katika hali mbaya kongosho lote huondolewa, chembe zake zitoazo insulini zikipandikizwa katika ini lake mwenyewe.