Vuga na Mazinde katika Historia ya Mji wa Lushoto
Historia ya mji wa Lushoto huelezwa mara nyingi kwa kuanzia na majengo ya Wajerumani, walioupa jina la Wilhelmstal kwa heshima ya mtawala wao, Kaisari Wilhelm wa Pili. Mwanzo huo umechelewa. Johann Ludwig Krapf alipofika Usambara mwaka 1848, mamlaka yalikuwa Vuga, makao ya Kimweri ye Nyumbai wa ukoo wa Wakilindi. Nyumba za Vuga zilikuwa za miti na nyasi, wala hazikuacha kuta za kupigwa picha. Kimweri alifariki mwaka 1862, na vita vya kurithi vikafuata. Mwanawe Semboja alijiimarisha Mazinde, tambarare chini ya milima, penye njia ya misafara, ambako bunduki na bidhaa za pwani zilipatikana kwa urahisi kuliko mlimani. Wageni wanaosimama leo Irente, ukingoni mwa mlima karibu na Lushoto, huitazama Mazinde kama sehemu ya mandhari tu, ilhali huko ndiko nguvu ya Vuga ilikokwisha kuhamia kabla ya Wilhelmstal kuwapo.