Pazia la Doti Moja: Historia Fupi ya Pambo la Vyumba Vyetu

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu utakuta hesabu za hisa, majina ya viongozi na picha za sherehe. Sisi tuliopewa kurasa hizi tuliombwa tuandike juu ya mapambo ya nyumba. Baadhi ya wenzetu walicheka: eti mapambo nayo yana historia? Yanayo, tena humu kikundini yalikaribia kutuvunja.

Katika mwaka wetu wa tatu mama mmoja mwenzetu alisimama kikaoni akaomba mkopo wa shilingi elfu sitini ili atengeneze chumba chake. Alikuwa amepanga katika nyumba ile ya Kiswahili tunayoijua wote wa Dar es Salaam: korido katikati, vyumba kushoto na kulia, choo na jiko uani. Mweka hazina wa wakati ule akasema mfuko si wa maua, mkopo ni wa biashara na ada za shule. Mwombaji akajibu kuwa yeye ni mshonaji, wateja wanapimwa humo humo chumbani, na wakiona ukuta unabanduka wanadhani na kazi yake ni hivyo hivyo. Sauti zikapanda, kikao kikaahirishwa. Wawili hawakurudi kikao kilichofuata.

Basi tukaanza kuulizana: bibi zetu walipamba kwa nini, na kwa fedha ya nani?

Walio na nyumba zao walipamba ukuta wenyewe. Ukienda Lamu, katika nyumba za mawe za karne ya 18 utaona zidaka, vijishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu kwa chokaa, na humo waliweka vyombo vya kaure kutoka China. Hata karibu na sisi, kwenye magofu ya Kunduchi, mna kaburi la nguzo iliyopachikwa sahani za Kichina. Ni kazi nzuri, hatukatai. Lakini lilikuwa pambo la mwenye mali, na halibebeki. Mtumwa aliyechoma matumbawe ili ipatikane chokaa hiyo hakuondoka na kidaka.

Kwa hiyo pambo la wengine wote lilikuwa la kukunjika. Kwanza mkeka. Ukindu huchumwa, huanikwa, huchanwa, hutiwa rangi, kisha husukwa ukili mrefu kama mkanda ambao mwishowe huunganishwa kwa kushonwa. Kazi hiyo hufanywa huku mtu akiongea na wenziwe barazani, ndiyo maana wengi wetu tulijifunza bila ya kujua kuwa tunafundishwa.

Halafu kanga. Hii ndiyo iliyotufurahisha kuliko yote. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19, Unguja na Mombasa, wanawake walikuwa wakinunua leso, vile vitambaa vya mkononi vilivyouzwa vikiwa bado havijakatwa. Walichukua sita, wakazikata tatu tatu, wakaziunga kuwa nguo moja pana. Wafanyabiashara walipoona nguo hiyo inapendwa ndipo wakaagiza iliyochapwa nzima. Yaani wanawake walitangulia na sindano zao, kiwanda kikafuata! Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa wakivaa kaniki nyeusi walikimbilia kanga za rangi, kwa sababu nguo ilisema wewe ni nani sasa.

Mama zetu wanakumbuka kiwanda cha Urafiki kilivyofunguliwa hapa Dar es Salaam mwaka 1968. Wanakumbuka pia mwanzo wa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika na doti ikapangiwa foleni. Wakati huo walipamba kwa walichonacho. Magunia ya unga yalifumuliwa, yakafuliwa mpaka maandishi yakafifia, yakatariziwa maua kwa uzi wa rangi. Magazeti yalibandikwa ukutani kwa uji wa ngano, na mgeni alisoma habari za mwaka juzi akisubiri chai. Kuanzia mwaka 1984 masharti ya kuagiza bidhaa yalipolegezwa, mitumba ikaja, na shuka la mtumba likawa pazia.

Tukiwa katika mazungumzo hayo, mwenzetu mwingine alipaka chumba chake kwa fedha yake mwenyewe. Hakumwita fundi. Alilowesha chokaa ya mfuko usiku kucha mpaka ikawa kama maziwa mazito, akaichuja kwa kanga kuukuu, akatia gao la chumvi na buluu ya kufulia kidogo. Alikwangua ukuta, akaumwagia maji, akapaka koti tatu nyepesi, akisubiri kila moja ikauke. (Anayetaka kuiga afunge mikono na alinde macho, chokaa inaunguza. Na kwenye ukuta wa rangi ya mafuta haishiki, usijisumbue.) Chumba kikang'aa. Mwenye nyumba akaja, akasifu, akakaa, akanywa chai. Mkataba ulipoisha akapandisha kodi: chumba kimekuwa kizuri.

Hapo tuliokuwa tukimcheka mweka hazina tulinyamaza. Na waliokuwa upande wake nao walinyamaza, maana shida haikuwa maua. Shida ilikuwa pambo linabaki kwa nani.

Tuliporudi kikaoni tukakubaliana hivi. Mkopo mdogo wa chumba upo, ila kwa mpangaji uanze na kinachokunjika: pazia, mkeka, foronya, vitambaa vya kufuma. Ukuta ungoje mpaka mwenye nyumba akubali kwa maandishi kodi isimame mwaka mzima. Wenye nyumba wawili wamekubali, wengine wametucheka.

Mshonaji wetu alikuwa wa kwanza kukopa, na hakumaliza hata elfu sitini zake. Alinunua doti moja, akaitenganisha. Kipande kimoja kilikwenda dirishani kwa upana wake. Kingine alikisimamisha mlangoni kwa urefu. Juu alikunja upindo wa vidole vitatu, akashona, akapitisha waya uliokazwa kwa misumari miwili. Kwa mkono ni kazi ya jioni moja, hata kwa asiyewahi kushika sindano. Angalizo letu ni moja tu: chagua jina la kanga kwa makini, kwa kuwa wapita korido wote watalisoma na kila mmoja atadhani anasemwa yeye. Yeye alilazimika kumweleza jirani yake mara mbili kwamba hana neno naye.

Tangu hapo amehama mara mbili, na pazia limehama naye. Mlango wa sasa ni mrefu zaidi, kwa hiyo ameliongeza chini kipande cha kitenge. Mwezi uliopita mweka hazina yule wa zamani, ambaye siku hizi naye amepanga, alimfuata baada ya kikao akiwa na uzi mkononi wenye mafundo mawili. Alikuwa amepimia mlango wake.