Kutibu Bega kwa Mwendo

Kano nne hulishikilia bega. Huanzia kwenye misuli ya kombe la mkono, zikakizunguka kichwa cha mfupa wa juu wa mkono na kukibana mahali pake. Ile ya juu hupita katika upenyo mwembamba chini ya ncha ya kombe, nayo ndiyo huumia mara nyingi zaidi. Zamani dawa iliyozoeleka ilikuwa kuufunga mkono na kuupumzisha, hata bega likakakamaa.

Tiba iliyo kinyume na hiyo, yaani ya mwendo, ilipata chuo chake Stockholm mwaka 1813, kilichoanzishwa na Per Henrik Ling, mwalimu wa mchezo wa vitara. Kwake mwili ulikuwa kitu kimoja, na kiungo hakitibiwi peke yake. Inasimuliwa kwamba mkono wake mwenyewe, uliokuwa ukimsumbua, ulipata nafuu kwa mazoezi ya vitara.

Aliyelichunguza bega hasa ni Ernest Amory Codman, daktari mpasuaji wa Boston. Mwaka 1909 alishona kano ya juu iliyochanika, na mwaka 1934 akatoa kitabu kizima juu ya bega. Humo alieleza zoezi la kuinama. Mgonjwa huinama kiunoni, akauacha mkono unaouma uning'inie kama timazi, kisha akauyumbisha polepole. Kwa kuinama tu, mkono huwa umefika pale ambapo mtu aliyesimama angeufikisha kwa kuuinua, lakini umeshushwa na uzito wake. Kano iliyoumia haivuti kitu. Ni ugunduzi mkubwa, maana hauhitaji chombo wala fedha, na maskini huweza kuutumia sawa na tajiri.

Mwaka 1972 Charles Neer wa New York alieleza kwamba kano husuguliwa na mfupa ulio juu yake, na upasuaji wa kuukwangua mfupa huo ukaenea. Mwaka 2012 watafiti wa Uswidi waliwapa wagonjwa waliokuwa wakingojea upasuaji huo wiki 12 za mazoezi maalumu, yakiwemo ya kuushusha mkono polepole huku umebeba uzito. Baadaye asilimia 20 tu walichagua kupasuliwa, dhidi ya asilimia 63 ya waliofanya mazoezi ya kawaida. Mwaka 2018 utafiti wa Uingereza ukaonyesha kwamba kukwangua mfupa hakukuwa na faida ya maana kuliko kuchungulia tu ndani ya bega. Leo mazoezi ndiyo tiba ya kwanza, na kisu hufikiriwa zaidi kwa kano iliyokatika kabisa, kwa mfano baada ya kuanguka.