Sindano Iliyoitwa Tiba

Mwezi Agosti 1906 daktari Mjerumani Robert Koch alifika katika visiwa vya Ssese, Ziwa Viktoria, akiwa na Tuzo ya Nobel aliyoipata mwaka mmoja tu kabla ya hapo na akiba ya dawa iitwayo atoksili. Serikali ya Ujerumani ilikuwa imemtuma kutafiti malale katika koloni lake, lakini upande wa Mwanza wagonjwa walikuwa wachache. Akavuka kwenda upande wa Waingereza, ambako hawakukosekana: inakadiriwa kwamba katika miongo miwili ya mwanzo wa karne ile malale yaliua kiasi cha watu robo milioni nchini Uganda.

Alipiga kambi kisiwani Bugala, na watu wakamiminika. Sindano ya nusu gramu ya atoksili, dawa iliyotokana na arseniki, iliwapa nafuu iliyoonekana kwa macho. Waliobebwa kwa machela walisimama tena. Baadaye vimelea vikarudi katika damu. Koch akapandisha kipimo hadi gramu nzima, na hapo mambo yakaharibika. Maumivu na kizunguzungu vikazidi, wagonjwa wakaanza kuikimbia kambi, na zaidi ya 20 wakapofuka wasione tena. Ndipo kipimo kikashushwa.

Si kwamba Wajerumani hawakuwa wamelifikiria suala la kumfanyia mtu majaribio bila ridhaa yake. Mwaka 1892 daktari Albert Neisser, wa Breslau, aliwadunga wanawake na wasichana majimaji ya damu ya wagonjwa wa kaswende bila kuwaeleza, akitafuta kinga. Baadhi yao, waliokuwa makahaba, wakapatwa na kaswende. Yeye akadai kwamba waliipata katika kazi yao. Magazeti yakapiga kelele, Neisser akatozwa faini, na tarehe 29 Desemba 1900 waziri wa Prussia akatoa waraka kwa wakuu wa hospitali: asifanyiwe jaribio mtoto, wala mtu yeyote ambaye hajaelezwa madhara yake akaridhia. Ni waraka uliotangulia kanuni za Nuremberg kuhusu majaribio kwa binadamu kwa karibu nusu karne.

Waraka huo, hata hivyo, ulikuwa na tundu. Katazo halikugusa uchunguzi wa ugonjwa, tiba wala chanjo. Hata kama ungesafirishwa kwa meli hadi Bugala, ungempita Koch pembeni, kwa sababu yeye alikuwa akitibu. Ndivyo alivyosema, na yaelekea ndivyo alivyoamini. Wagonjwa wa Ssese walipimwa, wakaandikwa kwenye madaftari na kuongezewa dozi ili ijulikane mwisho wake ni wapi. Hilo lilikuwa jaribio, liitwe liitwavyo.

Tundu hilohilo lilipitisha mengi baadaye. Tangu 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende katika wilaya ya Macon, Alabama, pamoja na wengine 201 wasio nayo. Waliambiwa kwamba wana “damu mbaya” na kwamba wanatibiwa. Hata kuchomwa sindano ya uti wa mgongo, ambayo haikutibu chochote, waliitiwa kama tiba maalumu ya bure. Penisilini ilipopatikana hawakupewa. Mahakama ya Nuremberg ilihukumu madaktari wa Hitler mwaka 1947, na kazi ya Alabama ikaendelea miaka 25 zaidi, hadi gazeti lilipoifichua Julai 1972. Sheria ya 1974 iliyofuata ndiyo iliyolazimisha vyuo vikuu vya Marekani vinavyopokea fedha za serikali kwa utafiti wa aina hiyo viwe na kamati za kupitia maandiko ya utafiti kabla mtu hajaguswa.

Afrika Mashariki watu walikuwa na ukaguzi wao, usio na muhuri. Pwani walinong’ona juu ya mumiani. Nairobi na Kampala waliwaogopa wazimamoto, waliosemekana kunyonya damu za watu. Wasomi walizicheka habari hizo hadi mwanahistoria Luise White alipozifanyia kitabu mwaka 2000. Mtu anayechukuliwa damu bila kuambiwa inakokwenda ana haki ya kushuku.

Suala la tiba na jaribio lilirudi kwa sura ngumu zaidi miaka ya 1990. Ilikwisha kujulikana tangu 1994 kwamba dawa ya AZT hupunguza sana maambukizi ya virusi vya UKIMWI kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Hata hivyo, katika utafiti wa dozi fupi na nafuu uliofanyika Dar es Salaam, Kampala na Afrika Kusini, baadhi ya wajawazito walipewa vidonge visivyo na dawa. Watetezi walisema wajawazito hao wasingepata AZT kwa vyovyote vile. Hoja hiyo ina uzito, lakini inageuza umaskini kuwa kibali. Mapema 1998, matokeo ya utafiti kama huo wa Thailand yalipotoka, vidonge hivyo vikasitishwa.

Kilifi, pwani ya Kenya, kwenye kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI na Wellcome kilichoanzishwa 1989, watafiti walipowauliza wazazi waliotia sahihi fomu za ridhaa waligundua kuwa wengi waliuona utafiti kama sehemu ya matibabu ya mtoto. Fomu ilikuwa sahihi; maelewano hayakuwepo. Kituo kikaanza kukutana mara kwa mara na wawakilishi waliochaguliwa na wanavijiji, ambao huuliza maswali yasiyoandikwa kwenye fomu yoyote, la damu likiwa la kwanza.

Swali la nani anamiliki kinachotoka katika damu hiyo lililipuka Nairobi mwaka 2000. Wanawake wa Pumwani waliofanya biashara ya ngono walikuwa wamefuatiliwa tangu miaka ya 1980, na wachache wao hawakuambukizwa VVU licha ya kukutana navyo kila mara. Chanjo ya majaribio ikabuniwa kutokana na uchunguzi huo, na hataza ikaombwa Uingereza pasipo majina ya watafiti wa Nairobi. Kukawa na mzozo, kisha mapatano. Nchini Tanzania leo sampuli haitoki nje ya nchi bila mkataba ulioidhinishwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, unaotaja sampuli inapelekwa wapi na kwa kazi gani.