Kichala

Atomi za metali zilizoshikana, kuanzia chache hadi mamia, tuziiteje? Wengine husema "lundo", lakini lundo halina hesabu, na hapa hesabu ndiyo tabia. Atomi 20 za dhahabu hujipanga kuwa piramidi yenye nyuso 4 za pembetatu. Ongeza au punguza moja, umbo hubadilika. Hesabu hutawala hata kwa kaboni, isiyo metali: mwaka 1985 wanakemia Harold Kroto, Robert Curl na Richard Smalley walivukiza grafiti kwa leza, wakaona mafungu ya atomi 60 za kaboni yakizidi mengine. "Chembe" nalo ni pana mno: hata vumbi ni chembe. Nachagua "kichala", kama cha zabibu: kitu kimoja, ila matunda yake huhesabika. Wingi wake vichala: vichala vya dhahabu, vya fedha, vya shaba.